Tairi pana kwa baiskeli ya mtumba: pima fremu kabla hujaenda dukani

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, zile za mjini. Ina ringi za alumini, breki za V, madigadi na keria. Matairi yake ni 700 x 28C. Naishi Kitunda ndani, Dar es Salaam, kazi yangu ni ya stoo, Vingunguti. Kutoka nyumbani mpaka nifike lami naisukuma zaidi ya ninavyoiendesha kwa sababu ya mchanga, na pancha za nyuma haziishi: fundi akitoa tyubu anakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Nina kilo 84, na mgongoni nina begi. Nataka tairi pana, ila hela yenyewe ya mawazo. Fundi wangu anasema 700 x 45 itaingia tu. Dukani wamenitolea 26 x 1.95. Mzee mmoja mwenye Phoenix ananiambia nichukue 28 x 1½, ndiyo imara. Nichukue lipi?

JIBU: Katika hayo matatu, ndugu yangu, usichukue hata moja. La 26 halitaingia kwenye ringi yako hata mkiwa watu wanne wenye tairiliva. La 28 x 1½ litaingia kirahisi mno, na hilo ndilo baya lake. La 45 lina kipenyo sahihi, ila kwa fremu za aina hiyo, tena zenye madigadi, sioni litakaa wapi.

Ushauri wangu ni tairi la 35 nyuma, na 38 au 40 mbele kama foku inaruhusu, lisilo na meno makubwa. Halafu upunguze upepo. Hili la upepo ndilo wengi wanaliacha, na ndilo wanaloligharamia bila kujua. Unaponunua tairi pana unanunua ruhusa ya kuendesha na upepo mdogo bila ringi kugonga chini. Ukifunga la 38 ukalishindilia upepo kama ulivyokuwa unalijaza la 28, umeongeza uzito na ugumu umebaki palepale.

Tuanze na hayo matundu mawili, maana yanasema mengi kuhusu baiskeli yako. Msumari au mwiba hutoboa tundu moja. Matundu mawili sambamba yanatokea tairi linapogonga ukingo wa shimo au jiwe, likabonyea mpaka mwisho, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi. Kila ukingo unaacha alama yake. Ni pancha ya kubanwa, na mara nyingi inatokea nyuma kwa sababu gurudumu la nyuma linabeba takriban asilimia 60 ya mzigo wote. Piga hesabu yako: wewe kilo 84, begi tuseme 5, baiskeli yenye keria na madigadi kama 15. Jumla 104, kwa hiyo nyuma panakaliwa na kilo 62 hivi. Tairi la 28 ili libebe kilo hizo bila kubonyea linataka psi 95 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) au zaidi, na pampu nyingi za kijiweni hazifikishi huko, na zikifikisha, hakuna wa kujua maana hazina geji. Kwa hiyo unaendesha na upepo pungufu kwenye tairi jembamba. Kubadilisha tyubu hakutasaidia.

Mchanga nao ni hesabu hiyohiyo. Eneo la tairi linalogusa chini linatokana na uzito ukigawanya kwa upepo. Kilo 62 juu ya psi 95 zinakanyaga eneo la kama sentimita 9 za mraba. Shusha upepo mpaka psi 60, eneo linakuwa karibu sentimita 15 za mraba. Tairi linaelea vizuri zaidi, halikati mchanga kama kisu. Lakini huwezi kushusha la 28 mpaka 60 kwa uzito wako, utarudi kwenye matundu mawili. La 35 au 38 unaweza.

Sasa namba, maana ndipo duka lilipokuchanganya. Sahau inchi. Pembeni mwa kila tairi la maana kuna namba nyingine ndogo yenye kistari, mfano 28-622. Ni kipimo cha kimataifa cha ISO 5775. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, nayo haina majadiliano: lazima ilingane na ya ringi yako. Yako ni 622, kwa sababu 700C siku zote ni 622. La 26 x 1.95 ni 559, yaani limepungua milimita 63 za kipenyo. La 28 x 1½, lile la Phoenix na baiskeli nyingine za breki za vyuma virefu, ni 635. Limezidi milimita 13, na ukizungusha hiyo inakuwa nafasi ya milimita 41 kwenye mzingo. Litakaa limelegea, utajaza upepo, litaonekana limeshika, kisha siku moja litaruka nje ya ringi ukiwa kwenye mwendo. Mzee wako hajakosea kuhusu uimara wake, ila ni imara kwenye ringi yake.

Utakutana na mitego mingine dukani. Tairi lililoandikwa 28 x 1.40 linaweza kuwa 37-622, linakufaa kabisa, ilhali 28 x 1½ halikufai, na yote yanaitwa “inchi 28”. Lililoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜ nalo ni 37-622, linakufaa. Hata baina ya 26 x 1.75 na 26 x 1¾, ambazo kwa hesabu za darasani ni kitu kimoja, la kwanza ni 559 na la pili 571, hayabadilishani. Yale ya 29 ya baiskeli za milimani nayo ni 622, muuzaji atakwambia yanaingia na kwa kipenyo anasema kweli, ila mengi yanaanzia milimita 50 za upana. Kwa hiyo muuzaji akikuuliza inchi, mwambie “naomba 35-622” ukageuze tairi usome mwenyewe.

Ringi nayo ina kauli. Futa vumbi, tazama ndani karibu na spoku au chini ya stika: baiskeli nyingi za mjini zimeandikwa 622x17 au 622x19. Hiyo 17 au 19 ni upana wa ndani wa ringi. Ikiwa 17, tairi mpaka 40 halina shida yoyote. Ikiwa 15 au chini, ishia 35, maana tairi pana mno juu ya ringi nyembamba linayumba kwenye kona, hasa upepo ukiwa mdogo.

Kinachoamua hasa ni fremu. Geuza baiskeli miguu juu, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, upime sehemu nne: kati ya tairi na yale mabomba mawili yanayotoka kwenye ekseli ya pedali kwenda nyuma, pale yanapokaribiana zaidi, kati ya tairi na kile kipande kinachounganisha mabomba ya juu, karibu na breki, kati ya tairi na miguu ya foku, na chini ya taji la foku, pale miguu yake inapoungana juu ya tairi. Kama huna kipimo, tumia alenki. Ya 5 ni milimita 5, ya 8 ni milimita 8. Penseli ya kawaida ni kama milimita 7.

Hapa kuna hesabu inayowaponyoka hata mafundi wazuri. Ukitoka 28 kwenda 38 unaongeza milimita 10 za upana, na pembeni zinagawanyika, 5 kulia na 5 kushoto. Kwa kwenda juu hazigawanyiki. Tairi la baiskeli likijaa linakuwa duara, kimo chake ni karibu sawa na upana wake, kwa hiyo juu linapanda milimita 10 zote. Ndiyo maana fundi anachungulia pembeni, anaona panatosha, analifunga, na tairi linaanza kusaga kipande cha breki au madigadi. Kwa la 45 utahitaji milimita 17 za ziada kwenda juu, na juu yake bado unatakiwa ubaki na nafasi.

Nafasi ya kubaki nayo: mimi sishuki chini ya milimita 4 kila upande, na kwa baiskeli yenye keria inayobebeshwa naitaka 5. Sababu yake ni spoku. Spoku moja ya nyuma ikikatika, na kwa mzigo wa keria zinakatika, gurudumu linapinda milimita mbili tatu papo hapo. Ukiwa na nafasi, utafika kazini gurudumu likicheza. Ukiwa huna, ukuta wa tairi unasagwa na bomba la fremu kila mzunguko, na nyuzi za tairi zinakatika kabla hujafika kazini. Tope la masika nalo linataka pa kupita. Kauli ya “itaingia tu” inahusu siku ya kufunga, gurudumu likiwa limenyooka na kavu.

Kwa hiyo ukipima nyuma pembeni ukapata milimita 8 au 9 ukiwa na la 28, la 35 litakaa vizuri. Ukipata 10, la 38 linawezekana, mradi juu pia panaruhusu. Ukipata 6, ishia 32 na usilazimishe. Foku mara nyingi ina nafasi zaidi, na hakuna sheria inayosema mbele na nyuma lazima zifanane upana. Watu wengi wanafunga tairi pana zaidi mbele, nami kwa mtu wa mchanga naona ni akili, kwa sababu gurudumu la mbele likizama ndilo linalokuangusha, la nyuma linakusimamisha tu.

Madigadi je? Fundi atakwambia uyang'oe upate nafasi. Sikubaliani naye. Wewe unaingia stoo na shati, si mashindanoni. Kati ya tairi la 40 bila madigadi na la 35 lenye madigadi, kwa mtu anayekwenda kazini Machi na Aprili, nachagua la pili bila kufikiria mara mbili. Kwanza jaribu kuyapandisha: vile vyuma vyembamba vinavyoyashika vina skrubu, unalegeza, unainua milimita kadhaa, unakaza. Mara nyingi hapo ndipo nafasi ya 35 inapopatikana.

Breki za V hazitakusumbua. Ringi ni ileile, raba zinabaki zinagusa palepale. Ila gurudumu lililojaa linaweza lisipite kati ya raba, kwa hiyo liingize likiwa halina upepo, kisha ujaze. Mabadiliko mengine ni madogo: gia zitakuwa nzito kidogo kwa kuwa gurudumu limekua kwa asilimia mbili hivi, na baiskeli italala zaidi upande wa stendi kuliko ulivyozoea. Usisimamishe kwenye mteremko.

Kuhusu meno, watu wa mchanga wanapenda tairi lenye meno makubwa wakidhani litashika. Kwenye mchanga mkavu meno hayana cha kushika. Yanauchimba. Kinachosaidia ni upana na upepo mdogo. Meno yana kazi kwenye udongo mfinyanzi wenye unyevu, na hata huko yanajaa tope. Wewe ukishafika Banana, Barabara ya Nyerere ni lami mpaka karibu na kazini, na meno yatakuvutia nyuma na kuunguruma njia nzima. Chukua tairi lenye mstari laini katikati na mikato mifupi pembeni. Wala usiogope lami yenye maji: kwa mwendo wa baiskeli tairi jembamba la mviringo halielei juu ya maji kama la gari, kwa hiyo mikato ya katikati ni urembo zaidi kuliko kinga.

Kinga unayohitaji ni ya kutobolewa. Ukingoni mwa Nyerere, pale unapolazimika kupita, kuna nyuzi za chuma kutoka matairi ya malori yaliyopasuka. Ni nyembamba kama unywele mnene, zinaingia kwenye mpira na kubaki humo. Unaziba tyubu leo, kesho kutwa inatoboka palepale, unamlaumu fundi na solusheni yake. Kila pancha, pitisha pamba ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima. Itanasa pale uzi ulipo. Ukiuona, uchomoe kwa koleo kutokea ndani. Na ukinunua tairi, uliza lenye tabaka la kinga chini ya mpira wa juu. Schwalbe Marathon ni mfano unaojulikana, bei yake imesimama, lakini Kenda na CST nao wana matairi ya kawaida yenye kinga ambayo kwa safari zako yanatosha. Ule mtindo wa kukata tyubu kuukuu na kuitandika ndani unafanya kazi kwa tairi la nyuma lililochoka, ila ncha zake zichongwe ziwe nyembamba, vinginevyo zinaichubua tyubu mpya.

Tairi la mtumba silikatai, ila lipinde kabla ya kulipa. Bonyeza ukuta wake kwa vidole viwili mpaka ukunjike. Ukiona nyufa zimefika kwenye nyuzi, rudisha, hata liwe la jina kubwa kiasi gani. Nyufa ndogo za juu kwenye mpira wa kukanyagia hazitishi sana. Kati ya tairi jipya la bei ya kati na la kifahari lililokaa juani miaka, chukua jipya.

Kama hela haitoshi mawili kwa pamoja, anza na la nyuma, maana ndipo pancha zako zilipo, na la mbele lifuate mwisho wa mwezi mwingine. Usisahau tyubu. Tyubu iliyoandikwa 700 x 25/28 ukiiweka ndani ya 38 inavutika mpaka inakuwa nyembamba na kutoboka kirahisi. Tafuta ya 700 x 35/43 au namba inayobeba upana wako. Angalia na tundu la valvu kwenye ringi: baadhi ya baiskeli za Ulaya zina tundu jembamba la milimita 6.5, na valvu nene kama ya gari inataka 8.5. Fundi atataka kulipanua kwa drili. Kwenye ringi nyembamba usimruhusu, tafuta tyubu ya valvu nyembamba, na ununue kile kichwa kidogo cha shaba cha kuungia pampu ya kawaida. Ukikitumia sheli, simama karibu na mashine: tairi la baiskeli linajaa kwa sekunde chache, kijana wa pale amezoea bodaboda.

Haya, upepo wenyewe. Kwa uzito wako, tairi la 35 nyuma anza na psi 65, likiwa 38 anza na 58 hadi 60. Mbele, 38 au 40, anza na 45. Namba iliyoandikwa pembeni mwa tairi ni kikomo, usiichukue kama agizo. Na kadiri tairi linavyopanuka, upepo uleule unaisukuma ringi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo psi 90 ambazo la 28 lilizivumilia zinaweza kuitesa ringi yako ukizipeleka kwenye la 40.

Kama huna geji, fanya hivi: panda na begi lako, egemea ukuta, mtu achuchumae nyuma atazame. Tairi lishuke kwa asilimia kama 15 ya kimo chake, kwa la 35 ni milimita 5. Lisiposhuka kabisa, toa. Likijikunja pembeni, ongeza. Kisha pita kwenye tuta moja unalolifahamu. Ukisikia “ko” ya ringi, umezidi kutoa. Ukirushwa kwenye kiti, bado umejaza mno. Kidole gumba hakikwambii kitu hapa, ukuta wa tairi zito unaonekana mgumu hata upepo ukiwa umekwisha nusu. Rudia kila wiki, tyubu inavuja polepole hata bila tundu.

Nisikupe matumaini ya uongo kuhusu mchanga wa huko ndani. Ule uliotifuliwa na malori, mkavu, wenye kina cha kiganja, hata la 40 litazama na utashuka. Ulioshikana kidogo, au baada ya mvua, utapita ukiweka gia nyepesi kabla ya kuingia, ukakaa nyuma kwenye kiti, ukaacha usukani ucheze kidogo, na usiache kukanyaga pedali. Kwa kipande kilichobaki, pita ukingoni kwenye majani, ukiangalia miiba.

Pima zile sehemu nne, nitumie milimita pamoja na namba ya kwenye ringi. Ikiwa nyuma pembeni hapafiki 8, usinunue chochote kwanza. Itabidi tuzungumzie 32 na namna ya kupunguza mzigo wa begi.